Mnyama wa Rusinga hakuwa dinosari, alikuwa ndugu wa nyumbu

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu akiisifu Rusinga, iliyo ndani ya Ziwa Victoria, kuwa kisiwa kilichotupa "dinosari mwenye baragumu puani", na akaomba kisiwa hicho kitangazwe zaidi kwa wageni na kwa Wakenya wenyewe. Nia yake ni njema na ombi lake naliunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, mnyama aliyemtaja hakuwa dinosari, wala hakuishi zama moja na dinosari, na kosa hilo, ambalo nimelisikia pia gatini Mbita, sokoni na vinywani mwa wanafunzi, lina madhara ambayo huenda mwandishi hakuyafikiria. Naomba unipe nafasi ya kutosha, kwa sababu jambo lenyewe halisahihishiki kwa sentensi mbili.

Nieleze kwanza ninakozungumzia. Nilikuwa afisa wa mifugo wa nyanjani kwa miaka mingi, nikihudumu Mbita, Suba na bonde la Lambwe, ambako kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilipambana na mbung'o na ugonjwa wa malale wa ng'ombe. Mimi si mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini. Nimefungua vinywa vya ng'ombe wengi kuliko vitabu nilivyofungua, na yale ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa kusoma taarifa za watafiti waliochimba Rusinga, kisha kuyalinganisha na kile ambacho mikono yangu inakifahamu kuhusu wanyama wenye kwato.

Mnyama huyo anaitwa Rusingoryx atopocranion. Neno la kwanza ni jina la jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu. Jenasi hiyo ilitangazwa mwaka wa 1984 na watafiti Martin Pickford na Herbert Thomas, kutokana na mabaki yaliyopatikana kisiwani Rusinga. Sehemu ya pili ya jina ina maana ya fuvu lisilo la kawaida, na kwa kweli lilistahili kuitwa hivyo. Sehemu ya kwanza ndiyo inayopotosha kidogo, kwa kuwa inaunganisha Rusinga na oryx, yaani choroa, yule mnyama wa nchi kavu mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Baadaye kukawa na mjadala kama mnyama huyu anastahili jenasi yake mwenyewe, hadi mwaka wa 2011 ambapo Tyler Faith na wenzake waliyachunguza upya mabaki yaliyokuwapo pamoja na mapya, wakathibitisha kwamba jenasi hiyo ni halali na kwamba mnyama mwenyewe ni wa ukoo wa nyumbu, kongoni na nyamera. Kwa hivyo jina lake lina choroa ndani yake, ilhali damu yake ni ya nyumbu. Kimo chake kilikaribia cha nyumbu, alikula nyasi, alitembea kwa kwato mbili katika kila mguu, na alicheua kama wanavyocheua ng'ombe wetu.

Anayetaka kumwona ndugu yake aliye hai hana haja ya kwenda mbali. Katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, ambayo kutoka Mbita ni safari fupi, wako kongoni wenye uso mrefu na mwembamba. Mara nyingi nikiwa Lambwe niliwaona wakisimama juu ya vichuguu wakichungulia majani, na sikuwahi kufikiri kwamba ukoo wao uliwahi kuwa na mwana mwenye uso wa ajabu kuliko wao, tena ng'ambo tu ya maji.

Dinosari ni habari nyingine kabisa. Kenya ina mabaki yao, na yamepatikana Turkana, katika milima ya Lapur. Hao walitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita, wakabaki ndege tu kuwa kizazi chao. Mifupa ya Rusingoryx iliyochimbwa Wakondo, Rusinga, ina umri wa takriban miaka 68,000. Tukiufanya umri wa mifupa hiyo uwe siku moja, yaani mnyama alikufa jana wakati kama huu, basi dinosari wa mwisho alikufa zaidi ya miaka miwili na nusu iliyopita. Hakuna mfugaji ambaye angechanganya ndama aliyezaliwa jana na ng'ombe aliyezikwa kabla ya mnada wa mwaka juzi.

Najua kosa lilikotoka, na si kosa la ujinga. Mwezi wa Februari mwaka wa 2016, Haley O'Brien, Tyler Faith na wenzao walichapisha uchunguzi wa mafuvu mapya ya Rusingoryx, ya wakubwa na ya wadogo, na kichwa cha taarifa yao chenyewe kiliwataja dinosari. Walichokieleza ni kwamba mnyama huyu alikuwa na nundu kubwa ya mfupa juu ya pua, iliyo wazi ndani, na kwamba umbo kama hilo halijapata kuonekana kwa mamalia mwingine yeyote. Walipotafuta kiumbe cha kulinganisha naye, walimpata mbali sana, miongoni mwa dinosari wala majani waitwao hadrosari, ambao baadhi yao walikuwa na kishungi cha mfupa kilicho wazi ndani na chenye njia ya hewa iliyopindapinda. Vyombo vya habari duniani vilichukua neno hilo, na kufikia ufuo wa Mbita "mnyama mwenye pua iliyofanana na ya dinosari" alikuwa amekwisha kuwa "dinosari".

Popo ana mabawa na kunguru ana mabawa, wala hakuna anayesema popo ni ndege wa ukoo wa kunguru. Kila mmoja alipata mabawa kwa njia yake, kwa sababu wote wawili walihitaji kuruka. Vivyo hivyo, viumbe viwili waliotenganishwa na makumi ya mamilioni ya miaka, wote wakiwa wala majani na wote wakiishi kwa makundi, walifikia umbo moja la pua bila kurithishana chochote. Hilo ndilo lililowashangaza watafiti, na ndilo linalopotea mara tu tunapomwita mnyama wetu dinosari. Ukisema alikuwa dinosari, pua yake haishangazi tena.

Naomba nikae kidogo kwenye pua hiyo. Ng'ombe anapovuta hewa, hewa hupita katika njia iliyo karibu kunyooka kutoka tundu la pua hadi kooni. Katika Rusingoryx njia hiyo ilipanda, ikapinda mithili ya herufi S, ikapita katika chumba kikubwa ndani ya nundu, ndipo ikashuka. Watafiti waliliona hilo bila kuyavunja mafuvu, kwa kupiga picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta. Waliona pia kwamba mafuvu ya wadogo hayakuwa na nundu kamili, kwa maana kwamba iliendelea kukua jinsi mnyama alivyokuwa akikomaa, kama pembe za fahali.

Chumba kama hicho kina kazi gani? Wasomaji wa pande hizi wanakifahamu chombo kiitwacho abu, baragumu la Waluo linalotengenezwa kwa kibuyu. Midomo ya mpulizaji hutoa mtetemo mdogo tu. Kibuyu ndicho kinachoupokea, kikaukuza na kuufanya mzito, hata ukasikika mbali kuliko kifua cha mtu kinavyoweza kufikisha. Watafiti wanapendekeza kwamba nundu ya Rusingoryx ilifanya kazi ya namna hiyo, na kwamba huenda sauti yake ilishuka karibu na kiwango ambacho masikio ya wanyama wengine hayakisikii vyema, sawa na tembo wanavyoitana kwa milio mizito ambayo sikio la binadamu haliipati. Kwa mnyama wa kundi anayeishi mahali wazi, pasipo kichaka cha kujifichia, kuweza kuwaita wenzake bila kumwita simba ni faida kubwa. Nimeishi na ng'ombe vya kutosha kulikubali hilo kwa urahisi. Mama aliyetenganishwa na ndama wake huanza kwa mngurumo wa chini, mdomo ukiwa umefungwa, na mara nyingi ndama huitika kabla mtu aliye kando hajatambua kwamba mama ameita.

Liko kosa la pili katika barua ile, dogo kuliko la kwanza, nalo ni la kuchanganya zama mbili za Rusinga. Mwandishi alimtaja Rusingoryx pamoja na fuvu mashuhuri ambalo Mary Leakey alilipata kisiwani humo mwaka wa 1948, la nyani mkubwa asiye na mkia aliyejulikana kwa miaka mingi kama Proconsul na ambaye sasa wa Rusinga wanaitwa Ekembo. Fuvu hilo ni la takriban miaka milioni 18. Kisiwa ni kimoja, lakini miamba yake si ya umri mmoja. Miamba ya kale ilitokana na volkano ya Kisingiri, na juu yake, katika baadhi ya sehemu, kumelala mashapo machanga zaidi ambayo wanajiolojia wanayaita tabaka za Wasiriya, na ndimo alimotoka Rusingoryx. Katika mashapo ya zama hizo mpya kwenye ukanda huu wa ziwa, watafiti wametambua majivu yaliyopeperushwa kutoka volkano za Bonde la Ufa, yakiwamo ya Menengai ya takriban miaka 36,000 iliyopita. Msomaji aliye Nakuru, anayeamka kila siku akiitazama Menengai, ajue kwamba majivu ya mlima wake yamelala katika udongo wa pande zetu na yanatusaidia kuhesabu miaka. Wala si Rusinga peke yake iliyowapa wanyama wa kale jina: huko Fort Ternan, katika Kaunti ya Kericho, kulipatikana mnyama mwingine mwenye kwato, wa takriban miaka milioni 14, ambaye jenasi yake inaitwa Kipsigicerus kwa heshima ya Wakipsigis. Sijawahi kukutana na mtoto wa shule aliyeambiwa hivyo.

Nirudi kwa Rusingoryx, maana lipo swali ambalo kila mtu niliyezungumza naye huliuliza. Kundi la wanyama wa nyika lilifikaje kisiwani? Jibu ni kwamba hapakuwa na kisiwa. Ziwa Victoria ni pana, lakini kina chake ni kidogo ukilinganisha na upana huo. Sehemu yenye kina kirefu zaidi ni takriban mita 80 tu. Sehemu kubwa ya maji yake, kiasi cha asilimia 80, ni mvua inayoanguka moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, na jua huyarudisha maji hayo angani kila siku. Mvua zikipungua kwa muda mrefu, ziwa hunywea. Udongo uliochimbuliwa kutoka sakafu ya ziwa unaonyesha kwamba lilikauka kati ya takriban miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, na mabaki ya wanyama wa Rusinga yanaonyesha kwamba katika vipindi vya kabla ya hapo pia maji yalikuwa yamerudi nyuma na mahali hapa palikuwa nyika ya majani, iliyoungana na bara. Pamoja na Rusingoryx kulipatikana mifupa ya choroa wa kweli na ya punda milia wa Grevy, ambao leo tunawakuta Samburu, Laikipia na nchi kavu za kaskazini. Sisi tulioona mwaka wa 2020 jinsi ziwa lilivyopanda likameza magati, nyumba na mashamba, hatupaswi kuona vigumu kuamini kwamba liliwahi pia kuondoka.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya nishike kalamu. Wakondo kuna mahali ambapo watafiti walipaita Bovid Hill, na mwaka wa 2017 Kirsten Jenkins na wenzake walichapisha matokeo ya uchimbaji wao hapo. Katika mkondo wa kijito cha kale walikuta mifupa ya Rusingoryx peke yake, bila mnyama wa aina nyingine, ya wanyama kadhaa. Pamoja nayo, ndani ya udongo uleule, walikuta zana 24 za mawe zilizotengenezwa na binadamu. Baadhi ya mifupa ilikuwa na alama za kukatwa. Umri wa miaka 68,000, ambao unaweza kupungua au kuzidi kwa miaka 5,000, ulipatikana kwa kupima mchanga wenyewe: chembe za mchanga zikifunikwa zisipate mwanga wa jua huanza kujikusanyia nishati kidogo kidogo, na maabara inaweza kuipima nishati hiyo na kujua zimekaa gizani kwa muda gani.

Kilichoniingia zaidi ni habari ya meno. Kila anayenunua ng'ombe mnadani humshika mdomo akamfunua, kwa sababu mdomo hausemi uongo kama dalali. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Ya chini ndiyo yanayosomwa. Akiwa na mawili ya kudumu ana takriban miaka miwili, na yakitimia manane amekomaa, kisha miaka ya baadaye husomwa kwa jinsi meno yalivyolika. Watafiti wa Wakondo walifanya kazi ya aina hiyo kwa magego ya Rusingoryx, wakaona kwamba wengi wa waliokufa pale hawakuwa ndama wala wazee, bali wanyama walio katika nguvu zao. Mfugaji anajua maana yake. Ukame ukiua, huanza na wadogo na wakongwe; ugonjwa nao mara nyingi hufanya hivyo; hata simba humpata kwa urahisi zaidi aliye dhaifu. Mahali palipojaa mifupa ya wanyama wa umri wa kati, wote wa aina moja, kando ya kijito, pamoja na mawe yenye makali na alama za kukatwa, panaelekeza kwa mwindaji mwenye akili na wenzake, waliolijua kundi litapita wapi na wakalisubiri au wakalisukuma penye kivuko, mahali ambapo mnyama hushindwa kukimbia. Anayewatazama nyumbu wakisongamana kwenye kingo za Mto Mara anaweza kuwaona wawindaji hao bila kuelezwa zaidi.

Wawindaji hao walikuwa watu kama sisi. Ndiyo maana neno "dinosari" linaniuma. Dinosari hakuwahi kuonwa na binadamu. Rusingoryx alionwa, alisikiwa, alifuatwa, alichunwa, akaliwa, na waliomla walikaa mahali ambapo leo pana mashamba ya mahindi na boma za jirani zangu. Inawezekana kabisa kwamba mtoto aliyelala kando ya kijito kile alizifahamu sauti za wanyama hao gizani kama watoto wetu wanavyofahamu milio ya viboko. Tukiandika dinosari, tunamfuta mtoto huyo pamoja na kila mtu aliyekuwapo.

Madhara mengine ya neno hilo ni ya leo, na haya nitayasimulia kwa kosa langu mwenyewe. Nikiwa kijana kazini, nilikwenda kuchanja ng'ombe katika boma moja kisiwani, na baada ya kazi mzee mwenye boma akanionyesha korongo lililochimbwa na mvua nyuma ya zizi lake. Ukutani mwake, chini ya urefu wa mtu, kulikuwa na nusu ya taya lenye magego manne, limeshikwa na udongo uliogandamana kama saruji. Mzee aliniuliza, "Daktari, huyu ni mnyama gani?" Niliinama, nikaziona zile nusu-mwezi za juu ya magego ambazo kila mnyama mwenye kucheua anazo, nikamjibu kwa uhakika wote wa kijana mwenye vyeti kwamba ni mtamba wa siku nyingi, labda aliyekufa kwa sotoka enzi za babu zake. Alinishukuru. Alikuwa ameliacha taya lile pale kwa miaka miwili akingoja mtu aliyesoma apite, na aliyesoma alipopita akamwambia ni ng'ombe. Watoto wakalichomoa baadaye wakachezea.

Siwezi kusema leo kwamba lilikuwa la Rusingoryx, kwa sababu halipo. Ninachoweza kusema ni kwamba magego yale yalikuwa marefu, yakizama ndani ya taya kuliko ya ng'ombe ninavyoyajua, kama yalivyo ya mnyama anayekula nyasi kavu zenye vumbi maisha yake yote, na kwamba udongo ulioyashika haukuwa wa enzi za babu wa mtu. Yote mawili niliyaona. Sikuyapa uzito kwa sababu wakati ule, kama wenzangu wengi, niliamini kwamba mfupa wa kale ni lazima uwe wa kitu kikubwa na cha kutisha, ama mamba mkubwa kama mtumbwi, ama kitu cha vitabuni. Mfupa unaofanana na wa ng'ombe ulikuwa wa ng'ombe, basi.

Hapo ndipo ninapoomba wasomaji wa kisiwani na wa pwani yote ya ziwa, kuanzia Karungu hadi Rasi ya Homa, wanielewe. Anayetafuta dinosari atapita juu ya Rusingoryx kila siku. Ataona jino dogo, kipande cha pembe, kifundo cha mguu, naye ataona ni mabaki ya mchinjo wa Krismasi iliyopita. Lakini mfupa wa mchinjo ni mwepesi, hukaa juu ya ardhi, na ukiuokota unatoka mzima mkononi. Mfupa wa kale kwa kawaida ni mzito kuliko unavyotazamia, mara nyingi umebadilika rangi, na umeshikwa na udongo mgumu wa ukutani mwa korongo au unatokeza chini ya tabaka ambalo jembe halijafika. Ukiuona wa namna hiyo, usiuchomoe. Thamani yake kwa mchunguzi imo nusu katika mfupa na nusu katika mahali ulipolala, kwa kuwa ni udongo ule unaotoa umri, na ni jirani zake, jiwe lenye makali au mfupa mwingine, wanaoeleza kilichotokea. Wangewachomoa wanyama wale wa Wakondo mmoja mmoja na kuwapanga mezani, tusingejua lolote kuhusu wawindaji.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006 inamtaka anayegundua kitu cha namna hii atoe taarifa, na visukuku si mali ya kuuzwa na mtu binafsi. Lakini sitaki kuanza na sheria, kwa kuwa jirani zangu wengine wakisikia sheria huogopa kwamba shamba litachukuliwa, na mfupa hurudishwa ardhini usiku au kutupwa ziwani. Nimeona watafiti wakija, wakizungumza na mwenye shamba, wakiajiri vijana wa hapo hapo kuchimba na kuchekecha udongo, wakafukia mashimo na kuondoka, na shamba likabaki la mwenyewe. Mtu akipiga picha kwa simu, akaweka kando yake kisanduku cha kiberiti ili ukubwa uonekane, akaipeleka kwa chifu au moja kwa moja kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, atakuwa amefanya zaidi ya nilivyofanya mimi nikiwa na vyeti vyangu.

Mvua nazo hazisubiri. Mmomonyoko unaofichua mifupa hii ndio unaoiharibu, maana kilichotokeza msimu wa masika kinaweza kuwa kimepondwa na kwato za mifugo kabla ya vuli. Wachimba mchanga nao wanafanya kazi katika makorongo yaleyale kwa sababu watoto wao wanataka kula, nami siwalaumu. Naomba tu kwamba walimu wa shule za kisiwani na za Mbita waje na wanafunzi wao mara moja kila baada ya mvua kubwa, watembee kwenye kingo hizo kwa macho na si kwa majembe. Mwanafunzi ambaye amewahi kuona mdomo wa ng'ombe wa nyumbani kwao anajua tayari nusu ya somo.

Lipo jambo la lugha pia. Mnyama huyu hana jina la Kiswahili, na pengine ndiyo sababu wengi walikimbilia neno la kwanza walilolijua. Napendekeza tumwite nyumbu-baragumu. Nyumbu kwa sababu ya ukoo wake, na baragumu kwa sababu ya pua yake. Kama wapo wataalamu wa lugha wenye jina bora zaidi, nitalipokea kwa furaha, ilmradi ndani yake mtoto wa darasa la nne asikie kwamba ni mnyama mwenye kwato, mla nyasi, wa kwao.

Kwako, Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza, barua ile ichapishiwe sahihisho, ili anayelitunza gazeti awe na maelezo yaliyo sawa. La pili, siku mtakapochapisha tena habari za Rusinga, mchore nyumbu-baragumu akiwa katikati ya kundi, nyasi zikimfika magotini na ziwa halipo, na kwa mbali, upande ambao upepo haupelekei harufu yao kwa wanyama, mchore watu.

Wako mwaminifu,
Afisa mstaafu wa mifugo,
Mbita, Kaunti ya Homa Bay